Mama alitaka kuniambia, nikamwambia asijichurie

Mkono wa kushoto wa mamangu ulikuwa umefungwa bendeji kwenye chuma cha kitanda. Bendeji yenyewe safi, na nesi aliyefunga alifunga kwa huruma, alitia pamba kwa chini ngozi isichubuke, sina la kumlaumu. Sababu ni kuwa mama alikuwa ameshauchomoa ule mpira wa kulishia unaopita puani mara tatu. Kiharusi cha pili kilimchukua upande wote wa kulia pamoja na maneno, lakini mkono wa kushoto ulibaki na kila ukipata nafasi ulienda puani. Mara ya kwanza tukasema amejikuna. Ya pili tukasema hajijui. Ile ya tatu nilikuwa nimesimama pale pale, akanitizama machoni, akauvuta polepole huku bado yuwanitizama, na mimi nikakimbia kumwita nesi.

Hiyo ilikuwa 2022, siku chache kabla ya Ramadhani. Jioni yake daktari akatuita kwenye kiofisi kidogo karibu na ICU, mimi na mdogo wangu wa kiume, dadangu alikuwa bado yuko foleni ya feri Likoni, na kakangu mkubwa yuko Muscat tukamuweka kwenye simu, spika juu. Daktari akasema mapafu yameanza kujaa, nimonia imeingia, mama akizidi kuchoka kupumua itabidi awekwe kwenye mashine ya kupumulia, na kwa umri wake na hali ya ubongo ilivyo haoni kama atarudi kuongea wala kula mwenyewe. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo nalisikia, akasema, "Mama mwenyewe aliwahi kusema angependa afanyiwe nini akifika hapa?"

Kakangu akajibu kabla hatujavuta pumzi. Akasema ndio, alisema. Baba alipofariki nyumbani 2016 kwa kuchelewa kupelekwa hospitali, mama alimwambia kwa kinywa chake, mimi musinifanye kama babenu, nipelekeni popote, hata India. Hiyo ni kweli, kakangu si muongo.

Dadangu akafika jasho lamtoka, akaulizwa swali lile lile, na yeye akasema ndio, alisema. Jirani yetu mmoja pale Majengo alikaa kwenye mashine wiki saba na mama alienda kumtizama, aliporudi alivua buibui akakaa kitandani akamwambia dadangu, mukiniona nimefika pale nirudisheni nyumbani munisomee Yasin. Hiyo pia ni kweli, dadangu si muongo.

Wakanitizama mimi sasa, kwa sababu mimi ndio niliyekuwa naishi naye.

Mimi sikuwa na la kusema, na sababu ya kutokuwa nalo naijua. Mama alinianza mara tatu. Mara moja naikumbuka hivi sasa kama jana, alikuwa amekaa kwenye kibao yuwachambua mchele kwenye ungo, mimi nakata vitunguu, akasema bila ya kuinua kichwa, "Mwanangu, siku nikiwa sijijui..." na mimi nikamkata hapo hapo, nikamwambia mama wacha, usijichurie. Akanyamaza, akatoa jiwe akalitupa, akaendelea na mchele. Nilidhani namlinda, sisi tumelelewa hivo kuwa ukilitaja jambo waliita. Lakini yeye hakuwa yuwaita kitu, alikuwa yuwanipa amana na mimi nikakataa kuipokea.

Basi zile siku zilizofuata sitaki kuzirefusha. Grupu la familia likagawanyika, shangazi wa Lamu yuwatuma voisi akilia, binamu wa Dubai wamesema watachanga bili, wengine wanauliza kwani mumeshakata tamaa na Mungu yupo. Kuna mtu alipiga picha ya mama na ile mipira akaituma kwenye grupu ili watu waombe dua, mamangu ambaye maisha yake yote hakutoka mlangoni bila ya kujifunika. Na mdogo wetu ndio aliyeumia zaidi, kwa sababu ile siku ya kwanza yeye ndio aliyempakia mama kwenye tuktuk na yeye ndio aliyeandika fomu ya kulazwa, kwenye ile sehemu ya jamaa wa karibu akaandika jina lake kwa kuwa ndio kalamu ilikuwa mkononi mwake. Kijana wa miaka 26. Kuanzia hapo kila uamuzi apigiwa yeye, kila karatasi asaini yeye, huku wakubwa wake wanamvuta huku na huku, mpaka siku moja akazima simu kutwa nzima.

Aliyetusaidia ni ami yetu, ndugu yake baba, mzee wa msikitini. Alikuja kumtizama mama, akauona ule mkono uliofungwa, akauliza kwa nini, tukamwambia. Akakaa kimya muda mrefu. Tulipotoka nje akatusimulia ile hadithi aliyoipokea bibi Aisha, iko kwenye Bukhari, ya Mtume (s.a.w.) katika ugonjwa wake wa mwisho, kuwa walimtia dawa pembeni ya mdomo naye yuwaashiria wasimtie, wakasema ni mgonjwa tu huyu na kuchukia kwake dawa, na alipopata nafuu akawauliza kwani sikuwakatazeni? Na akaamuru wote waliokuwa mle nyumbani watiwe dawa ile ile, isipokuwa Abbas kwa kuwa yeye hakuwapo. Ami hakutuambia tufanye nini. Alisema tu, mgonjwa akiashiria, atizamwe kwanza.

Tukakutana sebuleni kwetu usiku ule, kakangu kwenye simu, na kwa mara ya kwanza tukapanga zile kauli za mama kwa tarehe badala ya kupigana nazo. Ya kakangu ni ya 2016. Ya dadangu ni ya 2020, miaka minne baadaye, baada ya kuiona mashine kwa macho yake. Na ile ya mkono ni ya wiki ile. Kakangu alilia kwenye simu kisha akasema sawa.

Mama hakuwekwa kwenye mashine. Ule mpira ukatolewa, tukamrudisha Majengo, na tukafundishwa jinsi ya kumhudumia. Hapa Mombasa tuna Coast Hospice na watu hawaijui, au wanaijua wanadhani ni mahali pa kupeleka mtu akafe, kumbe hospisi kazi yao ni kupunguza maumivu na kumfundisha jamaa aliyeko nyumbani, hata mgonjwa akiwa kitandani kwake mwenyewe. Nilijifunza kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala, kumlowesha midomo kwa pamba yenye maji, kumuinua kichwa akikoroma. Nilikuwa nadhani kukataa mashine ni kumwacha mtu. Sijawahi kufanya kazi kubwa maishani kama zile siku kumi na moja, na ule mkono wa kushoto ulikaa juu ya khanga umetulia, haukwenda puani tena. Alifariki baada ya alfajiri, sote tupo, kakangu alikuwa ameshafika.

Sasa, mimi nafanya kazi ofisi ya kliaring hapa bandarini mwaka wa ishirini na mbili. Kazi yangu ni makaratasi. Kontena la mitumba haliwezi kutoka getini bila ya kujulikana ni la nani, nani ameruhusiwa kulichukua, sahihi iko wapi. Baada ya arubaini ya mama nilikuwa nimekaa pale ofisini na mafaili mbele yangu nikajiona nalia, mzigo wa nguo una mtu aliyetajwa kwa maandishi wa kuusemea na mamangu hakuwa naye. Nikaamua mimi wanangu sitawaacha hivo, nitaandika mapema nataka nitibiweje siku nikiwa siwezi kusema. Nina miaka 51 na presha, sio habari ya mbali.

Binamu yangu anayeishi Uingereza akanitumia karatasi yake ya namna hiyo. Kule wana sheria ya 2005 kuhusu watu wasioweza kujiamulia, na yeye ameandika karatasi ya kukataa matibabu fulani mapema, akaniambia ukikataa matibabu ya kuokoa maisha kule lazima iwe kwa maandishi, usaini, na shahidi asaini. Lakini akanionya nisiinakili, sheria ya kwao si ya kwetu. Kakangu alipoiona akasema hayo mambo ya wazungu. Ni kweli jina la karatasi ya aina hii kwa Kiingereza, "living will", lilianzia Marekani, wakili mmoja wa Chicago aitwaye Luis Kutner ndio aliyelileta 1969, na jimbo la California likatunga sheria yake 1976. Lakini sisi tuna hadithi kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale nyusiku mbili ila wasia wake umeshaandikwa, na tuna ile ya dawa aliyotusimulia ami. Nikamwambia kaka, jina ni la kwao, adabu ya kumsikiza mgonjwa ni yetu.

Mimi naiita wasia wa matibabu, na nimegundua hilo neno wasia lachanganya watu. Jirani alisikia nimeenda kwa wakili akadhani nagawa nyumba. Wasia wa mali waanza kazi ukishakufa, na kwetu Waislamu una mipaka yake, haupiti theluthi na mrithi hausiwi, yakitokea maneno yaenda kwa Kadhi. Huu mwengine hata kijiko haugawi. Wafanya kazi ukiwa hai lakini huwezi kusema, na siku ukiweza kusema tena wanyamaza, kauli yako ya mdomo ndio juu. Wala si kuomba kuuliwa, hilo sheria yetu hairuhusu na dini hairuhusu.

Wakili niliyemuendea alinieleza vizuri. Alisema Kenya bado hatuna sheria maalum ya jambo hili yenye fomu yake, lakini usifikirie hakuna kitu, soma Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 9. Pale pasema mgonjwa asiyeweza kutoa ridhaa, ridhaa yaweza kutolewa na mtu aliyemruhusu mwenyewe kwa maandishi, na kama hakuna mtu wa namna hiyo ndio wanaangaliwa jamaa. Yaani angekuwepo mtu ambaye mama amemuandika, yule mdogo wetu asingebeba ule mzigo kwa sababu ya kalamu. Halafu akanisomea sehemu ya dharura, kuwa daktari aweza kuendelea ikiwa kuchelewa kutamuua mgonjwa au kumharibu, maadamu mgonjwa hajaikataa huduma hiyo kwa kauli, kwa ishara au kwa mwenendo wake. Kwa mwenendo wake! Nilimwambia wakili anipe dakika moja, nikatoka nje kwenye ngazi.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa mstari mmoja, "Sitaki mashine." Nikaipeleka kwa daktari wangu wa presha, akaisoma akaniuliza, mashine gani? Oksijeni ya puani ni mashine. Ukishikwa na nimonia kesho, una miaka 51, mashine ya kupumulia yaweza kukuvusha siku kumi ukarudi ofisini, hiyo pia huitaki? Nikaona karibu nijiue kwa sentensi. Akanifundisha nisiandike kuhusu mashine, niandike kuhusu hali. Kama kuna matumaini ya mimi kurudi kujua watoto wangu, nifanyiwe kila kitu, ICU, mashine, upasuaji, damu, yote. Kama madaktari wawili wamekubaliana kuwa sitarudi kujitambua, au nina ugonjwa ulioko ukingoni, basi moyo ukisimama nisifinywe kifua. Kwenye filamu mtu afinywa kifua akakohoa akaamka, lakini kwa mzee dhaifu au mgonjwa wa mwisho mara nyingi haisaidii na mbavu huvunjika. Kuhusu ubongo kufa kabisa nilimuuliza ami, akaniambia baraza la wanachuoni wa fiqhi wa kimataifa walishalijadili Amman 1986 wakaruhusu mashine kuondolewa madaktari wakithibitisha. Kuhusu chakula na maji kwa mpira wanachuoni wanatofautiana, na mimi hapo nilikaa muda mrefu nikiwaza ule mkono. Nimeandika kuwa mpira ujaribiwe ukitarajiwa kunisaidia kupona, lakini mimi mwenyewe nikiutoa mara ya pili usirudishwe na mkono wangu usifungwe.

Dawa ya maumivu nipewe hata kama itanilaza usingizi. Nihudumiwe na wanawake ikiwezekana. Nirudishwe nyumbani. Picha yangu nikiwa mgonjwa isipigwe na isitumwe kwenye grupu lolote, hata kwa ajili ya dua, dua yaombwa bila ya picha. Na nyumba isiuzwe kulipia siku ambazo daktari ameshasema hazitanirudisha. Hilo la nyumba watu hawapendi kuliandika kwa sababu laonekana kama wajihesabu kwa pesa, lakini nimeona familia hapa mjini zimechanga, zimekopa, zimeuza kiwanja, na maiti ikazuiliwa mochari kwa bili, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema basi. Nimelisema mimi ili asilazimike kulisema mwengine.

Kumchagua msemaji ndio kulikonitesa. Mume wangu ni mtu mwema, miaka ishirini na tano pamoja, lakini mamangu alipolazwa alishindwa kuingia ICU, alikuwa akifika mlangoni anarudi. Nikamchagua dadangu, mume nikamuandika wa pili. Nilipomwambia mume alinyamaza, halafu akasema, "Kwani mimi ni nani?" Ilituchukua siku kadhaa. Nikamwambia wewe nataka unishike mkono, yeye nataka abishane na madaktari, na hizo kazi mbili mtu mmoja hawezi kuzifanya kwa wakati mmoja. Akakubali lakini najua lilimuuma, na kama wewe wafanya hivi usimwache mwenzio alijue siku ya hospitali.

Tulisaini kwa wakili, yeye akapiga mhuri, mashahidi wawili ambao hawanirithi, na daktari akaandika barua fupi kuwa akili yangu iko timamu. Kisha Idi ya pili, wote tupo nyumbani tumeshakula, nikaomba kimya nikaisoma yote kwa sauti, kakangu yuko kwenye video. Hapo ndipo ninapotaka kumsisitizia mtu anayesoma haya: hata kama huna pesa ya wakili, andika kwa mkono, tia tarehe, saini, halafu waite wote kwa pamoja wakusikie siku moja. Mama alisema. Tatizo aliisema kwa mmoja mmoja, mwaka mmoja mmoja, na kila mtu akabaki na kipande chake akidhani ndio yote. Nilipomaliza kusoma kakangu akasema pale pa kurudishwa nyumbani sikubaliani na wewe, lakini nimesikia. Mwanangu wa kike akatoka akaenda jikoni, nikamfuata, tukaosha vyombo pamoja bila ya kuongea.

Nakala ya asili iko kwenye lile faili la vyeti vya kuzaliwa, fotokopi ana dadangu, moja iko kwenye faili langu kwa daktari, na picha yake iko kwenye simu yangu na ya mume. Usiifungie kabatini ukaenda na funguo.

Kila Shaaban, kabla ya Ramadhani, naitoa naisoma, natia sahihi na tarehe mpya. Mwaka huu nimebadilisha kitu. Nilikuwa nimeandika sitaki daialisisi, nilikuwa naiogopa tu kwa kuisikia. Lakini pale ofisini tuna mwenzetu asafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, siku zilizobaki yuko kazini, mwezi uliopita kamuoza binti yake na alicheza chakacha na sisi mpaka saa nane usiku. Nimefuta ile sentensi, nimeandika nijaribiwe miezi mitatu kisha niulizwe. Dadangu amepita Ijumaa baada ya sala, nimempa ile mpya, ya zamani tumeichana.